Birika Jekundu Katika Gari la Marehemu

Mwaka 1991, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi la barabara ya Koboko limepaka majani yote rangi moja, mimi nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, gari la marehemu mume wangu lilianza kuwasha taa nyekundu. Tarehe naikumbuka: Jumamosi, 12 Januari. Wako watu wa ukoo wanaosema ilikuwa Februari. Wanakosea. Kufikia Februari taa ile ilikuwa imekwisha kuwa mashuhuri.

Ilikuwa taa ndogo kama punje ya hindi, chini ya mshale wa mwendo. Umbo lake lilikuwa la birika: mdomo mrefu, mkono nyuma, na tone moja likining'inia mdomoni. Waliolitengeneza gari bila shaka walikusudia kopo la oili. Lakini katika nyumba kama yetu birika ni birika. Huchemshiwa chai na hutiliwa maji ya udhu, na hapakuwa na mtu Koboko nzima aliyewahi kuona kopo la oili lenye mdomo wa madaha namna ile.

Aliyeiona kwanza si mimi niliyekuwa nikiendesha. Ni kaka mkubwa wa marehemu, ambaye hapa nitamwita shemeji kama nilivyomwita maisha yake yote. Alikuwa amerudi kutoka Sudan mwezi Novemba 1990, baada ya miaka kumi na moja ya ukimbizi, naye ndiye mtu pekee niliyemfahamu aliyenenepa ukimbizini. Siku ile nilimchukua Arua kumrudisha kwao Koboko. Alikaa siti ya mbele kushoto, akaijaza, na sehemu yake iliyobaki ikaegemea mlango. Tulikuwa tumepita Maracha. Gari likaingia shimo moja kubwa, likatoka, na birika likawaka.

"Shemeji," akasema, "hiyo nini iko nawaka kama jicho ya paka?"

Nilisimamisha gari papo hapo na kuzima injini. Naomba ieleweke kwa nini. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na saba, mwaka 1982, katika darasa la watu wazima huko Zaire tulikokimbilia, nimeketi dawati moja na binti yangu wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akininakili mimi. Mtu aliyepata kusoma kwa shida hiyo hapuuzi maandishi. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kifaransa, lugha ninayoisoma vizuri kuliko ninavyoizungumza, nacho kilisema bila kuzungukazunguka kwamba taa hiyo ikiwaka dereva asimame mahali salama na azime injini, la sivyo injini itakufa. Basi nilisimama. Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwapo, tele, safi.

Shemeji alikuwa ameshuka. Alizunguka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa ya mtoto, akamtaja marehemu ndugu yake kwa jina, akamwomba atulie. Kisha akarudi, akajishusha taratibu kwenye siti kwa adabu. Nikawasha injini. Birika lilikuwa limezimika.

"Umeona?" akasema. "Amenisikia."

Tukaendelea hadi Koboko. Mimi niliwaza injini. Yeye, nilikuja kujua baadaye, aliwaza gari zima.

Lazima niseme gari hilo lilikuwa nini kwetu. Mume wangu alilinunua kabla ya vita vya 1979. Mwaka huo tulikimbia nalo kuvuka mpaka, watoto, kuku, magodoro na mama mkwe wangu, aliyekataa kushuka hata tulipofika. Huko Zaire mume wangu alinifundisha kuliendesha, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia na hakutaka mtu mwingine aguse usukani. Panya wa huko walipotafuna nyaya zake, alizifunga upya yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa wiki tatu, akiimba. Tulirudi nalo Arua, tukakaa mtaa wa Oli. Alifariki mwezi Agosti 1988. Baada ya arobaini niliketi nyuma ya usukani na kuanza kubeba mizigo ya wafanyabiashara kati ya Arua na Koboko, na kwa njia hiyo watoto wangu wawili waliendelea na sekondari. Hapakuwa na njia nyingine. Gari likichukuliwa, wanarudi nyumbani kulima.

Wengine walidhani shemeji alirudi kutoka Sudan akitaka kunirithi mimi. Hapana. Alinitazama, akalitazama gari, akaona gari linatosha. Kwamba hajui kuendesha halikumsumbua. Alisema atalipaki mbele ya nyumba yake, na heshima itaonekana.

Kuanzia Januari hiyo akawa na safari nyingi za ghafla. Kila nilipokwenda Koboko nilimkuta njiani ananingoja, na sasa amebeba birika lake la plastiki, la kijani, la kutilia udhu. Kila safari mambo yalikuwa yale yale: gari linaingia shimo, taa inawaka, mimi nasimama na kuzima injini, yeye anashuka, ananyunyiza maji kwenye boneti, anasema na ndugu yake, anapanda taratibu, mimi nawasha, taa haipo. Kwa wiki mbili maombi yake hayakukataliwa hata mara moja. Nisingejali, lakini yeye alizungumza, na Koboko ilisikiliza.

Kwanza alifasiri kwamba marehemu anadai chai. Marehemu alipenda chai, ni kweli. Kwa hiyo, akasema, birika linawaka kwa sababu mjane hawapikii ndugu za mumewe chai. Nilipika. Nilipika chai Koboko hadi wapita njia wakadhani ni hoteli. Safari iliyofuata taa ikawaka tena, mahali pale pale karibu.

"Sukari ilikuwa kidogo," shemeji akaeleza.

Nililipeleka gari kwa fundi. Fundi wangu pale Arua alikuwa mtu mwenye sauti, aliyeheshimika kwa kuwa alilaza magari chini kwa siku nyingi kuliko mafundi wengine. Alimwaga oili njema akatia oili nyingine njema. Alibadilisha globu, nikapata birika linalong'aa zaidi. Aliliendesha gari hadi Onduparaka na kurudi, peke yake, kwa mwendo ambao sitausahau, na taa haikuwaka.

"Mama, gari yako hapana gonjwa," akasema. "Gonjwa iko kwa barabara ya Koboko."

"Barabara haina oili, fundi."

"Basi mi natoa globu. Taa nakufa, maneno nakwisha."

"Na siku oili ikikwisha kweli, nitajuaje?"

Alifuta mikono. "Injini itanoki, itagonga kama nyundo. Utasikia."

Nilimshukuru na kuondoka na globu yangu. Shemeji aliposikia shauri hilo alitikisa kichwa kwa huzuni. Kutoa globu, alisema, ni kumtoboa marehemu jicho.

Ijumaa, 8 Februari, baada ya sala, alitangaza mbele ya watu kwamba jambo limemzidi. Marehemu sasa hakudai chai tena. Chai alikwisha kunywa. Marehemu alikuwa anasema gari lake halitaki kuendeshwa na mwanamke, ndiyo maana likitembea na mimi linalalamika na likisikia sauti ya ndugu linatulia. Aliomba ukoo ukae kuamua gari lihamie Koboko. Ukoo ukakubali kukaa Jumapili, 10 Machi, wiki moja kabla ya mfungo, watu wakiwa bado wanaweza kula.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani walikuwa wajinga, na hawakuwa. Kwetu, aliyekufa akiwa na neno husema. Husema kwa ugonjwa, kwa ndoto, kwa ng'ombe kukataa maji. Wazee husikiliza, huuliza nani kakosa, hutengeneza. Ugomvi mwingi wa nyumbani nimeuona ukimalizwa hivyo, na watu wakapona. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu: hakuna marehemu aliyewahi kusema kwa kutumia betri. Na mimi, pamoja na vitabu vyangu, sikuwa na jibu lingine. Taa ilikuwa inawaka. Oili ilikuwapo. Usiku nilimuuliza mume wangu waziwazi kama ana neno. Hakusema kitu, na hilo halikuwa ajabu, maana hata enzi za uhai wake ukimuuliza swali la waziwazi alinyamaza.

Jibu lilipatikana Alhamisi, 21 Februari, asubuhi, mbele ya nyumba yangu Oli. Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu na wa shemeji huyo huyo, alikuwa amekuja kunisaidia kupakia. Ni mwanamke mwembamba kama ufito, mwenye ulimi unaojaza nafasi iliyoachwa na mwili. Nyuma kulikuwa kumejaa magunia ya mihogo mikavu hadi juu. Limebaki gunia moja. Nilikuwa nimekwisha kuwasha injini ipate moto. Wifi na mpagazi wakalinyanyua lile gunia na kulibwaga siti ya mbele, puu!

Birika likawaka.

Wifi akaingiza kichwa dirishani, akalitazama gunia, akanitazama.

"Wifi," akasema, "kaka yangu iko ndani ya hii gunia?"

Nilimwambia aliondoe. Wakaliondoa. Taa ikazimika. Nikamwambia walirudishe polepole. Kimya. Nikamwambia walitikise. Taa! Mpagazi aliomba ruhusa aende, akaenda, na hadi leo huzunguka njia nyingine.

"Panda wewe," nikamwambia wifi.

Alipanda, akarukaruka kwenye siti kama mtoto. Hakuna kitu.

"Mimi marehemu hapana nijua?" akasema kwa uchungu. "Yeye alibeba mimi mgongoni!"

Nikamwekea gunia mapajani. Akaruka mara moja, akalia "Mama yangu!", na birika likawaka. Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza nani amejifungua.

Niliingiza mkono chini ya siti. Springi moja ilikuwa imekatika na ncha yake inatazama chini. Chini yake, juu ya bati, ulipita waya ambao haukupaswa kupita huko hata kidogo, na nilipouona tu niliutambua. Ulikuwa waya wa mume wangu. Ile kazi ya wiki tatu kule Zaire, akiimba. Macho yake hayakuona njia fupi ya kuutoa waya wa swichi ya oili kwenye injini hadi kwenye taa, basi aliupeleka kwa njia ndefu, ukazunguka mlangoni, ukapita chini ya siti, ukapanda tena. Mahali pamoja ngozi yake ilikuwa imeisha na shaba inaonekana. Mtu mwepesi akikaa, springi haifiki. Mtu mzito akikaa na gari likaingia shimo, springi inaushindilia waya kwenye bati na kuung'ang'ania, na taa inawaka, na inabaki inawaka mpaka mzigo uondoke. Mzigo ukishuka kuomba dua, taa inazimika.

"Funga, wifi," wifi akasema. "Funga na raba, maneno yaishe."

Nilikuwa nimekwisha shika kipande cha raba. Nikakirudisha. Nikiufunga, taa itanyamaza, na shemeji atasema imenyamaza kwa ajili ya dua zake, na nitaliendesha gari kwa hisani ya ndugu wa marehemu hadi nife. Waya ungekwenda Koboko jinsi ulivyo.

Jumapili, 10 Machi 1991, ukoo ulikaa uani kwa baba mdogo wa marehemu, mzee aliyepata kuwa mjumbe wa baraza la zamani na ambaye tangu hapo hakuna jambo aliloliona dogo. Hata kuku wakipigana alitaka mashahidi. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake mkekani, na gari langu, nililoliosha alfajiri hiyo, lilisimama katikati kama mshitakiwa.

Shemeji alisema kwanza, na alisema vizuri. Alieleza juu ya taa, maji, maombi. Alieleza juu ya chai. Alimaliza kwa kunyanyua birika lake la kijani na kusema, "Mutu hawezi pinga. Mimi nikiomba, iko nazima."

Mzee akanigeukia. "Mama, iko kweli?"

"Ni kweli, mzee. Kila aliposhuka, taa ilizimika."

Minong'ono ikapita. Shemeji akatabasamu, akanionea huruma.

"Lakini naomba shahidi mwenyewe aulizwe," nikasema. "Gari."

Mzee alipenda sana. Alikaa wima. "Hii gari iko Musilamu?"

"Marehemu ilikuwa Musilamu," shemeji akasema.

"Mimi nauliza gari."

Iliamuliwa, baada ya mjadala, kwamba gari halihitaji kuapa. Niliwasha injini na kumwomba mzee atazame mwenyewe: hakuna taa. Kisha niliomba kila mwanaume anayedhani marehemu ana neno naye akae ile siti ya mbele kushoto. Alikaa binamu mmoja. Hakuna kitu. Alikaa mzee mwenyewe, akashika dashibodi kwa mikono miwili ingawa gari halikutembea. Hakuna kitu, na nadhani alisikitika kidogo. Akakaa shemeji, taratibu, kwa adabu. Hakuna kitu.

"Umeona?" akasema. "Mbele ya wazee ametulia."

"Mzee," nikasema, "mwambie aruke."

"Nini?"

"Aruke kidogo. Kama barabarani."

"Mimi hapana mtoto," shemeji akasema.

Mzee akanyanyua fimbo yake. "Shahidi anangoja. Ruka."

Na mtu yule mzima, mwenye kanzu iliyopigwa pasi, alishika mlango, akatazama mbinguni, akaruka. Gari likalia. Akaruka tena. Mara ya tatu birika likawaka, jekundu, zuri, na watu wakasema "Aaa!" kwa sauti moja.

"Ashuke," nikasema. Akashuka, na hakusema dua yoyote, maana hakuwa na pumzi. Taa ikazimika.

Wifi hakuweza kungoja zamu yake. Alisimama mkekani. "Kaka! Marehemu hapana kataa mwanamuke! Marehemu anasema wewe iko mzito!"

Uani palivunjika kwa kicheko. Wanawake watatu walikimbilia siti bila kuitwa, wakakaa mmoja juu ya mwingine, wakaruka, taa ikawaka, wakashuka, ikazimika, wakapanda wengine. Mzee alipiga fimbo chini hadi ikapasuka. Utulivu uliporudi niliiondoa siti, nikawaonyesha springi, nikawaonyesha waya, nikawaeleza nani aliupitisha hapo, mwaka gani, na kwa macho gani.

Hapo hawakucheka. Walisogea mmoja mmoja kuutazama. Mzee aliinama kwa muda, akaugusa kwa kidole.

"Basi marehemu ilisema kweli," akasema polepole. "Hii iko mkono yake."

Alirudi kitini na kutoa uamuzi, akisimama, kama baraza la zamani. Gari ni la mjane na watoto wake, na halitazungumzwa tena. Shemeji akitaka kupanda, apande, lakini nyuma, katikati. Na kwa kuwa birika limeonekana mbele ya ukoo, chai itapikwa leo hii, nayo atapika shemeji.

Alipika. Ilikuwa na sukari nyingi.

Kabla sijaondoka, shemeji alikuja peke yake hadi kwenye gari, ameshika ukanda wa raba ya tyubu. Alipiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake, akaufunga waya wa ndugu yake, mzunguko juu ya mzunguko, zaidi ya ilivyohitajika, kisha akairudisha siti mahali pake. Nikawasha injini. Akapanda akaketi, akaruka mara moja bila kuamriwa, akangoja. Akaruka tena. Tulikaa hivyo wawili tukitazama mahali pale peusi chini ya mshale.

"Sasa amenyamaza," akasema.

"Amenyamaza, shemeji."

Alibaki ameketi kidogo, mkono juu ya dashibodi. Kisha nikamwomba ashuke, kwa sababu nilitaka kupita Maracha kabla ya jua kuzama, na watoto walikuwa wananingoja Oli.